Fisi Hajafika Mtoni

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia harufu ya keki. Ilikuwa asubuhi ya mkesha wa Krismasi, nami nilikuwa nimepanda Uru, miteremkoni mwa Kilimanjaro, kwa wakwe zangu na binti yangu Resti, wa miaka minne.

Wajua Desemba kwetu: kila Mchagga aliyetawanyika hurudi nyumbani, na mawifi huja na macho makali. Nilitaka mambo mawili tu. Keki yangu isifiwe, na Resti ahesabu hadi kumi mbele ya shangazi zake. Mwalimu wa chekechea alikuwa amesema mtoto yuko nyuma. Akifika nne, anaruka kwenda sita. Neno hilo lilinichoma. Niliona aibu, tena aibu ya kijinga, maana mtoto mwenyewe alikuwa mzima na mchangamfu.

Basi nikamfungia chumbani na daftari la namba, mimi nikashika jiko. Keki tulioka kwa sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Haraka haraka haina baraka, na mimi sikuwa na subira hata ya kukopa. Kila mara nilifunua kuchungulia. Mara ya tatu makaa yakateleza, majivu yakaingia, keki ikabonyea katikati. Nikakaa kwenye kigoda nikalia. Na chumbani Resti naye alikuwa analia.

Mama mkwe akaingia na ndoo ya maziwa, ametoka kukamua. Akaitazama keki, akasikiliza kile kilio.

“Mama Resti, hesabu umeifungia chumbani, na mayai yako huku. Mlete mtoto.”

“Mama, ataharibu.”

“Kuliko wewe?”

Nikamleta. Bibi yake akampa mayai ayapange: moja, mbili, tatu, nne, sita. Mama mkwe akalishika lile lililorukwa. “Na hili umemwachia nani?” Resti akacheka, akaanza upya, akaligusa kila yai, na tano ikapata mahali pake. Unga wa keki mpya akaupima yeye, kikombe kwa kikombe, nusu ukaishia kwenye gauni.

Sufuria ilipofunikwa, mkono wangu ukaanza tena kuniwasha kutaka kufunua. Mama mkwe akauzuia, akaanza hadithi ya fisi aliyetumwa mjini, ng'ambo ya mto, na ndizi kumi za sikukuu, akawa anakula moja kila kilima. Kila kilima Resti alitaja zilizobaki. Kila nilipouliza kama keki imeiva, niliambiwa, “Fisi hajafika mtoni.” Fisi alipofika mtoni mikono mitupu, tulifunua. Keki ilikuwa imeumuka vizuri, rangi ya kahawia.

Kesho yake Resti hakuwahesabia shangazi zake namba. Aliwasimulia fisi, toka ndizi kumi hadi ya mwisho, bila kuruka hata moja. Nilifurahi mpaka nikaenda kujifuta machozi nyuma ya migomba.

Mwaka jana Resti alikuja Krismasi na mwanawe. Umeme ukakatika, tukarudia mkaa. Uzee haunifundishi, nikanyoosha mkono kwenye mfuniko. Yule mjukuu akanishika kidole.

“Bibi, fisi hajafika mtoni.”

Kumbe hadithi ilikuwa imeshashuka hadi kwa mjukuu bila mimi kujua. Mama mkwe amezikwa kihambani pale, chini ya migomba ya ukoo, na sauti yake bado inalinda keki.

Ndiyo maana nakuusia, mwanangu. Samaki mkunje angali mbichi, sawa, lakini kumkunja si kumfungia. Likizo hii weka simu kando, mwite mtoto jikoni, mpe mayai ayahesabu hata akivunja mawili. Msimulie hadithi, hata ya kutunga palepale, maana yeye haulizi imetoka wapi. Na akikosea, cheka naye, usimwonee aibu mbele ya watu.

Mungu akujalie sakafu yenye unga na watoto wa kuukanyaga. Keki yako iive bila majivu, na siku ukizeeka, apatikane wa kukushika kidole.