Ulimi wa Nguruwe na Kibakuli cha Mdogo Wangu

Mjomba wangu alijiita fundi wa ndimi za nguruwe, na mpaka leo sijaona mjinga mwenye majivuno kama yule. Kwetu, milimani juu ya Mbeya, miaka ile ya hamsini, hakuna aliyechinja nguruwe bila kumwita. Nguruwe analazwa chali, kijiti kinabanwa katikati ya meno, mjomba anauvuta ulimi kwa kitambaa na kuupapasa, macho kayafumba utadhani anasali. Akikuta vipunje vigumu, vyeupe kama mchele, anatangaza: "Huyu mgonjwa." Halafu sasa sikia maajabu. Anaukata ulimi, anawatupia mbwa, nyama yote iliyobaki inabanikwa nusu mbichi na watu wanakula! Ati ugonjwa umetoka na ulimi. Ebo!

"Ugonjwa una nyumba yake," alikuwa akisema. "Ukiibomoa, utakaa wapi?"

Na watu wazima, wenye ndevu zao, wanaitikia. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne kwa wamisheni, nikawadharau wote. Choo hawana, wanajisaidia vichakani, nguruwe wanawafuata nyuma. Lakini kichakani hata mimi nilikwenda, na nyama yao niliila. Dharau haishibishi.

Mama alifariki mdogo wangu wa kike akiwa bado ananyonya, nikamlea mimi. Nilimfinyangia matonge ya ugali kwa mkono huu huu na kumtia mdomoni. Alipoanza kung'oka meno ya utoto, siku moja akaanguka jikoni, macho yamegeuka, povu linamtoka. Kifafa.

Mjomba akatoa hukumu: mtoto ale peke yake, chombo chake kisiguswe, shule asiende. "Mate yake yatatumaliza," alisema. Na mimi msomi, je? Nilikubali. Nilimtafutia kibakuli cha bati kilichobanduka rangi, nikakiweka mlangoni, nikawa namsukumia kwa mguu. Kwa mguu!

"Dada, nimekosa nini?" aliniuliza.

"Kula, usinisumbue."

Siku alipoangukia motoni akaungua mkono, nilimbeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni, mjomba nyuma yetu akinung'unika. Alitupokea dresa mmoja, msaidizi wa daktari, mtu wa Iringa, mpole wa maneno. Alipoambiwa habari ya kifafa akauliza nyumbani tunakula nini. Loo, nikaona nafasi yangu imefika! Nikamwaga yote: ulimi, mbwa, nyama mbichi.

"Ni huyu," nikamnyooshea mjomba kidole mbele za watu. "Amemlisha mtoto uchafu."

"Mtoto anakula hiyo nyama?" dresa akauliza.

"Hapana. Hajaionja hata siku moja, harufu yake tu inamtapisha."

"Basi ugonjwa hakuupata kwenye nyama. Anayeila nyama ile ndiye anayepata tegu tumboni, mnyoo mrefu. Mayai ya tegu yanatoka na choo, yanabaki mikononi. Nguruwe akiyala anapata vile vipunje. Mtu akiyala, naye anavipata, mpaka kichwani, na hapo ndipo anaanguka." Akanitazama. "Nani anampa mtoto huyu chakula?"

Mjomba akajibu kwa niaba yangu, kwa furaha.

Tulipewa dawa sote wawili, mimi na mjomba, chungu kama shubiri, baada ya kushinda na njaa. Mjomba hakutoa kitu. Mimi nilitoa tegu mweupe, bapa, mrefu kunipita. Mjomba alicheka mpaka akajishika mbavu, na siku hiyo alikuwa na haki ya kucheka. Nyani haoni kundule. Kuhusu vipunje vya kichwani kwa mtoto, dresa alisema hana dawa yake.

Tukarudi nyumbani. Jioni nikanawa kwa sabuni, nikarudia, nikarudia tena mpaka ngozi ikawasha, ndipo nikasonga ugali. Kugeuka, mdogo wangu amekwisha kuchukua kibakuli chake, amekaa mlangoni, mkono wenye bendeji mapajani.

"Njoo tule pamoja," nikamwambia.

Akakumbatia kibakuli. "Hapana, dada. Nitakuambukiza."

Nikamnyang'anya kile kibakuli, nikamwachia mkeka na sahani yetu, nikakaa mlangoni mimi.