Gauni Lenye Mikunjo

Mke wangu alikuwa hatoki nje na nguo yenye mikunjo. Wanaomfahamu wakisoma hapa watacheka, maana wanajua nimesema kidogo. Nyumbani kwetu hata kitambaa cha kufutia vyombo kilipigwa pasi. Nilipomwoa nilikuwa na mashati mawili tu, lakini mtaani watu walidhani nafanya kazi benki, mpaka waliponikuta kibandani nimekumbatia kiatu cha mtu na sindano mdomoni. Mimi ni fundi viatu. Fundi viatu gani anakwenda kazini na kola imesimama wima? Mimi hapa, miaka nenda rudi, na nilikoma kubishana mapema kabisa.

Yeye alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufulia, kile kinachofua mashuka ya hoteli na hospitali. Wenzake walimwita Bi Pasi. Pasi yenyewe ya pale si hii ya mkononi. Ni rola ndefu zenye moto, shuka linaingia upande mmoja likiwa bichi na kutoka upande wa pili limekauka na kunyooka. Wanasimama watu wawili kuilisha mashine, kila mmoja na pembe yake ya shuka. Mbele ya rola kuna upau wa kinga, na ukiguswa tu mashine inasimama. Ila upau ule ulikuwa na maradhi ya kusimamisha mashine hata bila kuguswa, kwa hiyo mtu fulani aliufunga kwa waya ili kazi iende. Msimamizi aliuona ule waya kila siku na kupita zake.

Basi siku moja shuka likaingia pembe yake imejikunja. Mtu mwingine angeliacha lipite, litoke na alama yake, lirudiwe baadaye, kwani shuka la baba yake? Yeye akanyoosha mkono kuikunjua ile pembe. Mkono wa kulia.

Ya hospitali siyasimulii, nikiyasimulia nitakasirika upya na nina viatu vya watu vya kumaliza. Yatosha kusema walichukua ngozi ya paja wakaibandika kwenye kiganja, na kwamba vidole vyote vilibaki. Hapo ndipo ilipokuwa taabu. Mtu akiutazama mkono ule anaona umetimia, anasema pole mama, Mungu mkubwa, umepona. Haoni kwamba vidole havikunjiki.

Gharama zilianza kututafuna mapema. Kiwanda kililipia siku za mwanzo, kisha kikaanza kuongea lugha ya "tutaangalia." Mke wangu hakutaka kudai chochote. Alikuwa amejiaminisha kwamba kosa ni lake, kwamba ni yeye aliyepeleka mkono pasipotakiwa mkono. Aliyemtoa kwenye wazo hilo ni mwenzake wa meza ya kukunjia, mwakilishi wa wafanyakazi, mwanamke tunayemwita Kipaza kwa sababu akinong'ona anasikika nyumba ya tatu.

"Nani kakuuliza kosa la nani?" alisema, amesimama katikati ya sebule yetu. "Mfuko wa fidia hauulizi nani mjinga. Unauliza kitu kimoja tu: uliumia kazini au hukuumia kazini? Basi!"

Akatujazia fomu zote yeye mwenyewe, na kweli mfuko ukaanza kulipa matibabu na sehemu ya mshahara wake wakati anauguza mkono. Tukapumua. Lakini kidonda kilipofunga, Kipaza alitueleza kwamba sasa kuna daktari wa tathmini, na mambo yote yanamgojea yeye. Akisema mkono umebaki na ulemavu, mke wangu atapata malipo ya kila mwezi, mazoezi ya mkono yataendelea, na kiwanda kitalazimika kumtafutia kazi nyingine. Akisema umepona, malipo yanakoma na mke wangu anarudi kwenye rola.

Na mke wangu alikuwa anaiogopa ile rola kuliko kifo. Nilikuwa nikikaanga kitu, mafuta yakilia jikoni, yeye sebuleni anatoka jasho. Hakusema, lakini mimi si kipofu.

Asubuhi ya tathmini nilimkuta ameshaamka, amevaa gauni lake la buluu lenye marinda. Marinda yale ukiyatazama ungedhani yamechorwa kwa rula. Pasi ilikuwa bado ina joto mezani. Alikuwa amepiga kwa mkono wa kushoto, anakandamiza kitambaa kwa kiwiko na kukivuta kwa meno, na kiwiko kilikuwa kimeungua. Macho yalikuwa mekundu. Nikamwambia kwa nini hukuniamsha nikupigie mimi. Akanitazama kana kwamba nimejitolea kumzalisha.

"Upige marinda wewe?" akasema. "Si heri nikavae gunia?"

Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vilivyong'arishwa vizuri, na mimi mtu mwenye viatu safi namheshimu kabla hajafungua mdomo. Alimkaribisha, akamtazama, akatabasamu.

"Umependeza, mama. Nani kakupigia pasi?"

"Mimi mwenyewe, daktari."

Lile tabasamu la mke wangu! Tangu aumie sikuwa nimeliona. Nikakohoa ili niseme neno, akanikanyaga mguu kwa kisigino nilichokigonga mimi kwa mkono wangu.

"Kupika?"

"Napika."

"Vifungo unafunga mwenyewe?"

"Nafunga."

"Na vidole, vinakunjika?"

"Vinakaribia, daktari. Kila siku afadhali ya jana."

Wenye kufanya kazi viwandani mtaelewa. Pale kwao msimamizi akipita akiuliza mnaendeleaje, jibu ni moja tu, tunakwenda vizuri. Mtu ana homa, anakwenda vizuri. Mtu kafiwa, anakwenda vizuri. Anayesema nimeshindwa, kesho kuna mtu mpya mahali pake. Mke wangu alikuwa amelijibu swali hilo hivyo tangu ujana wake, na mbele ya daktari ulimi wake ulikwenda ulikozoea. Nilipojaribu tena kusema, akasema yeye, "Huyu mume wangu ana wasiwasi tu, msamehe." Daktari akanisamehe, akavigusagusa vile vidole, akaandika yake.

Majibu tuliletewa na msimamizi kwa simu. Mfuko umeridhika kwamba amepona vya kutosha, na Jumatatu ya wiki inayofuata anatakiwa kwenye rola. Nilimsikia mke wangu akisema, "Sawa, tunashukuru." Akaweka simu. Akachukua kitambaa cha meza akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena, wala hakunitazama.

Nilipandisha hasira, nakiri. Nikasema maneno mengi kuhusu daktari, kiwanda na ule waya. Ningesema na kuhusu gauni la buluu, lakini nilimwona mabega yake yanavyotikisika, nikakaa chini karibu naye.

Kipaza alikuja jioni ile ile. Safari hii hakupaza. Alisema tathmini inaweza kupingwa, kuna daktari mwingine wa mfuko, na kwamba tukiwahi kuomba, kurudi kwenye rola kutasimama mpaka huyo wa pili aseme.

"Ila uende kama ulivyo," alimwambia. "Usijipambe."

"Nikajianike?" mke wangu akasema. "Nikavae ovyo ili wanionee huruma? Mimi si ombaomba."

"Nani kakwambia uvae ovyo? Nimesema usifiche. Wewe siku ile hukwenda kwa daktari, dada yangu, ulikwenda kwa msimamizi."

Mke wangu alimsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote, akafunga mlango, akalala hata mchana siku iliyofuata, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Ombi tulilipeleka. Kama angeweza kuingia kule na kusema ukweli, hilo sikujua, na yeye mwenyewe hakujua.

Asubuhi yenyewe ilipofika, alilitoa gauni lile lile la buluu. Lilikuwa limefuliwa na kuanuliwa tu, limejikunja kama karatasi ya kufungia karanga. Hakulipeleka mezani. Alilivaa. Kisha akasimama mbele ya kioo na kuanza vifungo, mimi nikimtazama. Kidole gumba kilisukuma, kifungo kikateleza. Akasukuma tena. Nilisogea mara moja, nikaambiwa, "Acha." Chai niliyomwekea ilipoa, ikafanya utando juu. Alipomaliza, kifungo kimoja kilikuwa kimeingia tundu la jirani na shingo ya gauni imekwenda upande. Alijitazama kwa muda. Mtu angekuwa anamtazama maiti wake, asingekuwa na uso ule.

Nikaenda kwenye kapu la nguo. Nikavua shati langu, ambalo nilikuwa nimejipigia pasi kwa shida zangu, nikatoa lingine lililokuwa chini kabisa ya kapu, nikalivaa. Nikatoka nalo.

Akaniangalia juu mpaka chini. Midomo ikaanza kumcheza.

"Mbona kama ng'ombe amelitafuna akalikataa?"

"Twende tutachelewa," nikamwambia.

Mtaa mzima ulituona. Jirani anayeuza mkaa aliinuka kabisa kwenye kigoda chake. "Bi Pasi, kuna nini? Mna msiba?" Nikajua hapa tunarudi nyumbani. Lakini mke wangu alinyanyua kichwa akamjibu, "Hapana, tunakwenda kwa daktari," akaendelea kutembea. Ningekuwa na kofia ningemvulia. Nilimpenda mno saa ile, na sisemi hivyo kupamba hadithi.

Daktari wa pili alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vyake vimelika visigino upande mmoja. Huyo ni mtu anayesimama sana, nikamwazia mema. Alituketisha, akauweka mkono wa mke wangu juu ya mto mdogo mezani.

"Haya mama, unaendeleaje?"

"Tunakwenda viz..." mke wangu akaanza, akakatika. Akautazama ule mkono. "Siwezi kufunga vifungo," akasema. "Hivi nimefunga leo, ona vilivyo. Pasi siku ile nilipiga kwa kiwiko na meno, sikumwambia yule daktari. Sufuria siwezi kuinua. Kuchana nywele, kukamua nguo, siwezi. Kuandika jina langu, naandika kama mtoto."

Kila neno lilitoka kama mtu anang'olewa jino, lakini lilitoka. Alipomaliza, daktari akamwuliza kwa sauti ya chini kama kuna kingine.

Mke wangu akageuka akanitazama mimi. Akawa kama anayeniomba radhi.

"Huyu akinishika mkono," akasema, "sijui kama amenishika mpaka nitazame."

Sikuwa najua. Tumeishi nyumba moja, tumekula sahani moja, nimemshika mkono ule njia nzima ya hospitali kwenda na kurudi, na sikujua.

Daktari akachukua kipande cha pamba. Akamwomba mke wangu afumbe macho na amwambie akianza kuguswa. Akaiweka pamba kwenye kiganja, pale penye ngozi ya paja, akaisogeza taratibu.

"Sasa?"

"Bado," akasema mke wangu.

Akaipeleka mpaka kwenye kidole cha shahada.

"Sasa je?"

"Bado, daktari. Anza tu, niko tayari."

Mimi nilitazama dirishani.

Niseme tu kwamba rufaa ilikubaliwa. Malipo ya mwezi yapo, si utajiri, lakini yanatosha tusiombe mtu. Mazoezi ya mkono mfuko unalipia. Kiwanda kimemhamishia kwenye ukaguzi, anakaa mezani kuyapitia mashuka kabla hayajatoka kiwandani, na Kipaza ananiambia hakuna anayempenda tena kwa sababu anarudisha shuka kwa kijistari usichokiona hata ukivaa miwani. Ile rola imewekewa upau mpya.

Hayo yalikuja baadaye. Siku ile tulitoka tu kwa daktari bila kujua lolote, tukashika njia ya nyumbani na nguo zetu za aibu. Tulikuwa tumetembea kidogo, mimi kuliani kwake kama siku zote. Nikasimama. Nikazunguka nyuma yake nikaja upande wa kushoto, nikamshika mkono ule mwingine, mzima. Hakutazama chini. Alitazama mbele, machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.

"Una viganja vigumu wewe," akasema.

Nikamwuliza kama vinamkwaruza niachie.

"Nani kakwambia uachie?" akasema, na tukaendelea kutembea.