Redio ya Fundi

Fundi huyu wa pikipiki hukaza nati sikio likiwa redioni, kisha hulipiga tangi kofi moja: "Tayari, dada. Tutaonana mwakani." Asubuhi moja alimwambia hivyo muuza mayai; wakaonana jioni ileile. Mama wa watu alirudi akikokota pikipiki, goti likitoka damu, mayai yote uji, gurudumu la mbele likicheza kama jino la mtoto. Mafundi wengine wakailaumu barabara. Yeye akainuka, akaizima redio mechi ikiwa imepamba moto, akakaza nati, akairudia, akaijaribu pikipiki mwenyewe hadi kona na kurudi. "Nisamehe, dada." Muuza mayai alikuwa na matusi mdomoni, akayameza, maana fundi alikuwa ameshaivuta pikipiki nyingine aliyoitengeneza siku hiyohiyo, iliyokwisha kuoshwa ikimsubiri mwenye nayo, anaifungua upya.