Mwalimu Anataka Kuiona Nyumba ya Mama, na Mama Hajui

Admin, jina langu lifukie kabisa. Mama yangu simu yake ni ya tochi, hatasoma hapa, lakini majirani zake wote wamo humu na midomo yao naijua.

Nina miaka thelathini na mmoja, ni msusi, saluni yangu iko Mikumi. Nyumbani kwetu ni Kilosa mjini, kule bondeni karibu na mto, ambako mama anaishi peke yake. Baba alishafariki na mimi ndiye mtoto wao pekee. Kila Jumamosi jioni nafunga saluni naenda kumwona, Jumatatu asubuhi narudi kazini.

Masika ya mwaka juzi maji yalitukuta ndani. Ilikuwa Jumapili asubuhi, chai iko jikoni, nikaona kandambili zangu zinaelea sebuleni. Nilicheka kwanza, mjue. Kufumba na kufumbua maji yako kiunoni, halafu kifuani. Mama mguu wake mmoja haukunjiki vizuri. Nikambeba mgongoni, tukatokea mlango wa mbele kuelekea kwenye tuta la reli, na njia nzima alikuwa ananisomea shahada sikioni, taratibu, kama mtu aliyekwishakubali. Jamani, mpaka leo mvua ikipiga bati, hata mchana kweupe, natetemeka mpaka wateja wananiuliza, "Dada, una homa?"

Maji yalipopungua nikasema tuuze, tuhame. Mama akasema, "Nyumba hii baba yako kafyatua tofali kwa mikono yake. Mimi humu nitatoka nimebebwa." Nami kwa hasira nikamjibu, "Si ulishabebwa, mama? Au umeusahau mgongo wa nani?" Alininunia wiki mbili. Nilimwomba radhi, akanisamehe, lakini akanionya nisitamke tena habari ya kuuza akiwa hai.

Sasa nije kwenye kosa langu. Yale maji yaliacha alama ya tope ukutani, nyumba nzima, haitoki kwa sabuni wala kwa brashi. Nikanunua rangi ya mafuta nikapaka kuanzia chini mpaka usawa wa kifua, juu nikaacha rangi ya zamani. Kwetu bondeni nyumba nyingi ziko hivyo na kila mtu anajua sababu. Mtu wa kutoka nje hajui.

Mwezi uliopita nilikuwa namsuka mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi hapa Mikumi. Akaniambia amehamishiwa Kilosa, amechoka kupanga, anatafuta nyumba ya kununua. Mdomo wangu huu! Nikasema, "Sisi tunayo, ila hatujaitangaza." Hatujaitangaza, mimi na nani? Mama hajui lolote na hati ina jina lake. Mwalimu akageuka na nywele zake nusu kichwa, "Dada, usimwambie mtu mwingine. Nionyeshe mimi kwanza." Nikamtumia picha. Jioni akaandika, "Nimezipenda hizo rangi mbili, zimenikumbusha darasani." Halafu akauliza kama mto uko mbali. Nikajibu, "Mbali kidogo."

Uongo mtupu. Ukisimama mlango wa nyuma ukaita, mtu anayefua mtoni anakuitikia.

Nikajipa moyo kwamba kuonyesha siyo kuuza. Aione tu, akiipenda ndipo nitamkalisha mama chini. Juzi mama akapiga simu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Ijumaa naenda Zombo kwa mama yako mkubwa, anaumwa. Wewe ukija ufunguo upo pale pa siku zote, lala kwa amani, nyumba yako hiyo." Nyumba yangu! Badala ya kuona haya, nilipokata simu tu nikamwandikia mwalimu aje Jumamosi saa nne, tukutane stendi ya Kilosa.

Leo Ijumaa mwalimu kaja saluni na mwanawe wa kike, miaka minne, asukwe ili akaione nyumba yake. Mtoto anaongea huyo! Kaniambia ameona kwenye picha chumba chenye dirisha la bluu, ndicho atakacholala. Chumba hicho ndiko maji yalikoanzia kuingia. Nilipommaliza nikamsimamisha nimkung'ute nywele, kichwa chake kikaishia kiunoni kwangu. Kiunoni kwangu, mimi ambaye maji yalinifika kifuani.

Mtaniambia nimwambie ukweli. Nimewaza hilo. Nikimwambia hatanunua, na tangu nizaliwe hakuna mwingine aliyewahi kuiulizia nyumba ile. Mama atarudi kutoka Zombo aendelee kulala humo humo, na masika haiko mbali. Nikimwonyesha akaipenda, nimeanza vita na mama mzazi kwa kumzunguka mgongoni mwake, na radhi zake nazihitaji. Na hata mama akikubali, nitakuwa nimemtoa mama yangu majini nikamtia mtoto wa mwenzangu. Naogopa maji, namwogopa mama, namwogopa Mungu. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha.

Kesho saa nne atakuwa stendi na mtoto wake. Mvua ikija siku ya kazi mimi niko Mikumi, nani atambeba mama? Na yule mtoto, siku hiyo mama yake akiwa anafundisha, nani atambeba? Nishikeni mkono ndugu zangu, niende kufungua mlango ule au nizime simu?