Ngome ya Mzee Timazi

Mtaa mzima ulimwita Timazi, kama ile kamba ya kupimia unyoofu wa ukuta, kwa sababu alikuwa mwashi, na ukuta ukipinda hata kidogo, hapati usingizi. Nyumba nyingi za pale alizijenga yeye. Mwenyewe, na miaka yake sabini na ushee, aliishi kwenye chumba kimoja kilichoegemea ukuta mnene wa matofali ya kuchoma.

Ukuta huo, tuambizane ukweli, ni wa choo. Mtaa ulianza kama kambi ya vibarua wa barabara, na pale palikuwa na vyoo vya wote. Timazi ndiye aliyevijenga, angali kijana. Kambi ilipovunjwa akapewa kiwanja hicho cha vyoo, akaezeka chumba kwenye ukuta uliobaki, akahamia.

Mwaka juzi wakaja wataalamu wa jiji kuandika historia ya mtaa. Wakauliza ukuta ule ulikuwa wa nini. Jamani, mtu mzima na heshima zake aseme analala chooni? Akawaambia ni ngome ya walinzi wa kale, ilijengwa kabla babu yake hajazaliwa. Na vile vidirisha vya juu? Vya kumchungulia adui. Wakaandika, wakashukuru, naye akatembea kifua mbele wiki nzima.

Kisha binti yake akafiwa na mume. Wakwe wakachukua nyumba, akapiga simu kwamba anarudi na watoto watatu. Timazi alilia, halafu akashika nyundo avunje ukuta, aongeze chumba kwa nyuma. Hajagonga mara tatu, afisa wa jiji huyo na kibao chake: ngome haiguswi.

Kesho yake akamfuata ofisini, kofia mkononi, akatubu yote: si ngome, ni choo, na mjenzi ni yeye. Afisa, kijana mpole, akafungua ripoti.

"Mzee wangu, tusiichafue historia. Tuna shahidi, mkazi wa kwanza wa mtaa, na wataalamu wameandika kuwa hana chembe ya uongo."

"Shahidi huyo ni mimi."

"Basi unajua mwenyewe jinsi anavyoaminika."

Binti alifika Ijumaa na magodoro mawili yasiyo na pa kutandikwa. Timazi akamsimulia, macho chini, aibu imemjaa. Binti hakugomba.

"Baba, mimi na wanangu tungelala hata chooni."

Jumapili wale watoto wakubwa wawili wakapelekwa kwa shangazi yao, safari ya siku nzima. Mdogo akabaki na mama yake.