Mukono uliokataa kuwa mweusi kwenye parshoki ya jipe yetu

Vijana munaosoma huku kwenye simu, hamjambo.

Mimi ni mama muzee wa hapa Kasongo, nina wajukuu tisa, shule niliishia mwaka wa tatu. Nimeona munaulizana namna ya kurudishia plastiki ya gari weusi wake. Nitawaambia ile niliona kwa macho yangu. Sina tena umri wa kuongeza chumvi.

Mwana wangu Saidi alinunua jipe kule Salamabila. Moteri nzuri, bodi nzuri. Lakini zile plastiki nyeusi, za parshoki, ile bampa ya mbele na ya nyuma, na za juu ya magurudumu, jua lilizikula mpaka zikawa rangi ya majivu.

Siku aliyoileta alikuwa anacheka.

"Mama, ule aliyeniuzia ni mutu wa ajabu. Sikumuuliza kitu, yeye mwenyewe ananiambia: hii gari haijaumiza mutu."

Nilikuwa nachambua majani ya sombe. Nikaacha kuchambua.

Tuendelee.

Baadaye Saidi alipata mutu wa Kindu wa kuinunua, atakuja Ijumaa. Akataka ing'ae. Akaanza kuipaka mafuta ya mawese.

Musifanye hivyo. Asubuhi inang'aa, saa sita vumbi yote ya barabara imekaa pale, na sisimizi wanaipanda sawa chungu ya jikoni. Nikamwambia, "Weye Saidi, unaitengeneza ama unaipika?"

Njo akaita fundi wa kuchomelea vyuma. Njia yake ni hii, shikeni vizuri.

Unasafisha na sabuni ya unga na brosi, mpaka ndani ya mistari midogo. Unaacha ikauke kabisa. Halafu moto wa shalimo, ile bomba yake ya gesi ya kuchomelea, mwali mudogo, na mukono wako usisimame. Unapita, unapita, kama unapiga pasi nguo ya nailoni. Ukisimama, imeyeyuka. Mafuta iko ndani ya plastiki yenyewe. Moto unaiita tu, inatoka.

Kweli, weusi ulirudi mbele yetu. Mbele, pembeni, juu ya magurudumu yote.

Tukafika parshoki ya nyuma. Pale weusi ulizunguka kitu, ukakiacha.

Mukono.

Alama nyeupe ya kiganja cha mutu muzima, cha kushoto. Kidole cha mwisho hakiko. Na vidole vilivyobaki vinaangalia chini.

Fundi akapitisha moto tena, mara tatu. Kila plastiki ilivyozidi kuwa nyeusi, mukono nao ulizidi kuonekana. Akazima shalimo. "Labda ni asidi ya batri, inaunguzaga plastiki," akasema. Lakini vyombo vyake alikusanya haraka, na chai niliyomupa hakuimaliza.

Mwajuma, muke wa Saidi, akauliza, "Nani anashika gari vidole chini? Mutu anashika hivyo akiwa wapi?"

Akaita watoto ndani. Ilikuwa saa nane ya muchana, jua kali, na akafunga mulango.

Kesho yake mvua ikanyesha. Ilipoacha nilisimama barazani naangalia. Parshoki yote ilikuwa inatiririka maji. Mukono ulikuwa umeshakauka.

Saidi akaleta karatasi ya musasa. "Mama, nitausugua, halafu nipake rangi. Ijumaa iko karibu."

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini?"

Nikamutoa ile karatasi mukononi.

Asubuhi nilienda nyuma ya jipe peke yangu. Nikaipa gari mugongo. Nikakunja magoti, nikateremusha mikono nyuma. Mukono wangu wa kushoto ukaingia palepale. Vidole chini.

Munajua barabara zetu za Kabambare wakati wa mvua. Gari ikikwama, watu wanaisukuma hivyo, na mugongo, visigino ndani ya matope. Unapata nguvu, ndiyo. Lakini gari hauioni. Shofere akiiachilia irudi nyuma, haujui mpaka imekufikia.

Jua lilikuwa limeshapanda, na ile plastiki ilikuwa baridi kwenye kiganja changu. Nilitoka pale mbio, na mimi sikimbiagi.

Nikaenda sokoni kwa wanawake wanaoleta karanga toka Wamaza, upande ule jipe ilitoka. Niliuliza kitu kimoja tu: kwenu nani alikuwa na mukono wa kushoto bila kidole cha mwisho? Gari sikuitaja.

Siku ya tatu akafika mama mumoja kwa pikipiki, Mama Feza. Mume wake hakuwa na kile kidole. Alikuwa anachajishia watu simu na batri za gari, asidi ilimuunguza vidole kila siku. Wakati wa mvua alikutwa ndani ya matope ya barabara, amekufa. Hakuna gari pale.

"Walisema alilewa akaanguka," akaniambia. "Mpaka leo wakwe zangu wananiita muke wa mulevi. Mama, mume wangu hakuonja pombe ya lutuku hata siku moja."

Nikamupeleka uwanjani. Sikumuonesha upande.

Alizunguka mwenyewe mpaka nyuma. Akageuka, akaipa gari mugongo, akaweka mukono wake pembeni ya ule mweupe, kama watu wawili wanaosukuma pamoja.

"Ni hapa," akasema.

Hakulia. Saidi njo alikaa chini.

Akiwa palepale chini Saidi akaanza, "Mama, na mutu wa Ijumaa..."

"Mutu wa Ijumaa atakuta jipe haina parshoki. Akiuliza, umwambie yote," nikamujibu.

Vijana, njia ya moto ni nzuri, mawese hapana. Lakini mukinunua kitu, na mwenye kuuza akawajibu swali hamukumuuliza, kaeni chini mumuulize lingine. Saidi hakuuliza.

Kama iko mutu anajua jipe iliyokwama upande wa Wamaza, na nani alikuwa kwenye usukani, aandike hapa chini. Mama Feza hatafuti ugomvi. Anataka wakwe zake wasikie mume wake alikufa akisaidia.

Jioni ya siku ile aliyofika, niliita nyumba yote, wakubwa na watoto, nikawaamuru: Saidi, fungua buloni zinazoishika, parshoki iende Wamaza na Mama Feza, na hakuna wa kuisugua. Na toka leo, gari ikikwama, mutu wa nyumba yangu asukume akiiangalia. Na akiwa yeye njo shofere, ashuke kwanza, aende nyuma, awaone watu kwa macho.