Mlango wa Nyuma wa Bwana Tulsidas

Isidori Temu hakuwa mtu wa kuficha ufundi wake. Alikuwa Mchaga wa Kilema, mwenye mikono mipana na maneno mapana zaidi, na mwaka 1955 aliiaga karakana ya reli ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, akafungua banda lake la useremala mtaa ule ule. Waliosema ana wazimu aliwaacha waseme.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilitoka kwa Bwana Tulsidas, muuza vitambaa wa Mchafukoge, aliyetaka mlango wa kusukuma pembeni kati ya sebule na ua. Ua wenyewe ulikuwa mdogo kama kiganja, na mlango wa bawaba ukifunguliwa ulikula nusu yake. Isidori alichagua mvule, maana mvule hautishwi na unyevu wa Dar es Salaam. Akatia vioo virefu, akalaza reli yenye mfereji sakafuni, na vigurudumu chini ya mlango. Bwana Tulsidas alipouliza kama reli ya chini haitaleta taabu, Isidori alicheka. Reli ya chini inabeba garimoshi mpaka Kigoma, alisema, itashindwaje na mlango mmoja? Ukikwama kabla ya mwaka, asiitwe tena fundi.

Devendra, mdogo wake Bwana Tulsidas, alikuwa akijenga nyumba yenye milango kumi ya namna hiyo, naye alisema atautazama huu kwanza. Isidori alijua maana yake. Akiipata kazi ile, banda limesimama; akiikosa, atarudi karakana kuomba kazi kwa watu aliowaaga kwa mbwembwe.

Mwezi wa pili haujaisha, mlango ukakwama.

Isidori alifika asubuhi, kifua mbele, keshaamua kwamba kosa ni la nyumba. Lakini fremu ilikuwa wima na mbao hazikuvimba. Akapiga magoti, akachokoa mfereji wa reli kwa bisibisi. Likatoka donge la manjano, laini kama unga wa chapati uliokandwa, na sisimizi wakilifuata. Akalinusa. Samli.

Aliuliza, kwa ukali kidogo, ni nani anayepikia mlangoni. Mama Jasumati, mke wa Bwana Tulsidas, hakukasirika. Alieleza kwamba kila asubuhi, akishaoga, hukichora kizingiti kwa unga wa mchele na manjano ili heri iingie nyumbani. Unga ulipoanza kukwamisha vigurudumu, akavilainisha kwa samli ya taa ya sala.

"Lakini mama, hayo si hufanywa mlango wa mbele?" aliuliza Isidori. "Huu ni wa nyuma."

"Mbele ni duka, fundi. Pale wanapita wateja. Mlango wetu sisi ni huu."

Isidori akakitazama kizingiti. Aliona aibu. Alikuwa amepima upana, urefu na unene wa kioo, akasimama juu ya kizingiti kile kwa viatu siku nne, asiulize ni cha nani. Na kuuliza si ujinga. Angeweza kumwambia aache unga wake, na huenda Bwana Tulsidas angemuunga mkono. Hakumwambia hivyo.

Aliubeba mlango hadi bandani kwake Gerezani yeye na wenzake wawili. Waliporudi nao, reli akaipandisha juu ya fremu, vigurudumu vikahamia kichwani, mlango ukaning'inia. Chini aliweka kizingiti cha mvule, bapa, bila mfereji, na kijino kimoja pembeni cha kuuzuia usiyumbe. Akamwelekeza Mama Jasumati: reli ifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu kila wiki, ipakwe nta ya mshumaa kidogo, na samli ibaki kwenye taa.

Devendra alipokuja kutazama, Isidori alimweleza kosa lake mwenyewe kabla hajaulizwa. Mama Jasumati alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuchora. Aliusukuma mlango kwa kidole kimoja, ukapita bila kuharibu hata mstari. Devendra hakuusifu wala hakuulaumu. Aliuliza tu kama fundi ana nafasi Jumatatu.

Jumatatu Isidori alifika kwa Devendra na futi yake mfukoni. Kabla ya kuikunjua, alivua viatu, akaomba kwanza kuzungumza na mama wa nyumba.